Besi ya Billie Jean ina noti nne tu, sasa dogo alikwama wapi?

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna dogo anapiga besi kwaya hapa Dar, kanisani kwao wanamkubali sana, ana masikio mazuri na mazoezi hakwepi. Akapata nafasi kwenye bendi moja inayopiga maharusi na sherehe za kampuni, na hao jamaa kuna sehemu ya shoo lazima wapige nyimbo za disko za zamani ili watu wazima nao wanyanyuke, na wimbo wa kwanza kwenye hiyo sehemu ni Billie Jean ya Michael Jackson. Akapewa aende akaukamate. Siku ya mazoezi kaja, kii (sauti ya msingi ya wimbo) anaijua, majina ya noti yote sahihi, halafu katikati ya ubeti wa pili mpiga dramu akasimamisha bendi akamwambia dogo unanisukuma. Wakarudia, ikawa vilevile. Kiongozi wa bendi akaamua kinanda kishike besi kwa mkono wa kushoto mpaka dogo aive.

Ndo akanipigia. "Shikamoo kaka, naomba unisaidie, noti nazijua zote ila wanasema haikai."

Naichambua hii kesi kwa kirefu kwa sababu wapiga besi wengi sana wanaoanza wanakwama palepale alipokwama yeye, wanahesabu wimbo umeshaingia wakishajua noti, kumbe kwenye laini kama hii noti ni kazi ya jioni moja na kazi yenyewe inabaki kwenye urefu wa kila noti na kuirudia dakika tano bila kubadilika.

Tuanze na laini yenyewe. Wimbo uko F# minor (F shapu), mwendo ni kama biti 117 kwa dakika. Besi inapiga noti nane kwenye kila baa, yaani kila kipande cha biti nne, zote zina urefu sawa: F#, C#, E, F#, E, C#, B, C#. Basi. Halafu inarudi mwanzo. Ukiangalia hapo kuna noti nne tu tofauti, na kwenye gitaa la nyuzi nne (E, A, D na G, kuanzia uzi mnene) zinakaa kama pembe nne za boksi: F# ni uzi wa D freti ya 4 (freti ni vile vijichuma vinavyokatiza shingo), C# ni uzi wa A freti ya 4, E ni uzi wa D freti ya 2, B ni uzi wa A freti ya 2. Uzi mnene wa E huugusi, uzi wa G huugusi. Mtu akiona hivyo anasema hii rahisi, na ndivyo dogo alivyosema.

Nikamwambia apige bila dramu, bila kitu, apige tu nisikie. Kosa la kwanza likaonekana kwenye noti ya kwanza kabisa. Alikuwa anaanza na F# ya chini, ile ya uzi wa E freti ya 2, halafu anapanda kwenda C#. Kwenye rekodi haiko hivyo, F# ya kwanza iko juu na laini inashuka kwenda C#, halafu inapanda E, F#, inarudi. Jina la noti ni lilelile ndo maana kwenye mazoezi hakuna aliyemwambia amekosea, ila laini yote ilikuwa imebadilika sura. Kila baa ilikuwa inaanza na mlio mzito unaofunika kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, na juu ya hapo vidole vyake vilikuwa vinaruka nyuzi tatu badala ya mbili, yaani kajiongezea kazi na matokeo yakawa mabaya zaidi.

Nikamuuliza umeusikilizia wapi, akasema kwenye simu. Sio simu na earphone, simu yenyewe, kaiweka mezani inapiga. Sasa hapo lazima ieleweke, noti za laini hii zina mitetemo kati ya hetsi 62 na 93 hivi, na kispika cha simu hakiwezi kabisa kutoa sauti ya chini kiasi hicho, kinachotoka ni zile sauti za juu zinazozaliwa pamoja na noti halafu ubongo wako unajazia zilizobaki. Kwa hiyo unajua kabisa hii ni F# lakini ni F# ya juu au ya chini unabahatisha. Nikamvalisha hedifoni za kawaida tu, akasikiliza baa mbili, akanitazama. Hakuhitaji maelezo. Ukitaka kujifunza besi ya wimbo wowote tumia hedifoni au redio yenye sabufa, na kama wimbo unakukimbia upunguze spidi mpaka 0.75, kii haibadiliki siku hizi, na Billie Jean kwa spidi hiyo inakuwa kama biti 88, unasikia kila kitu mpaka pale noti inapokatwa.

Hapo kwenye kukatwa ndo tulikaa muda mrefu zaidi.

Noti moja kwenye huu wimbo inachukua kama robo sekunde. Ndani ya hiyo robo sekunde inabidi noti ianze, isikike, halafu ifunge kidogo kabla ya inayofuata, kuna kapumzi kadogo sana pale kati. Dogo alikuwa anaanzisha noti vizuri ila hazimalizi, zinabaki zinalia chini ya zinazofuata. Na sababu iko mkono wa kushoto. Alikuwa anatumia kidole cha pete kwa freti ya 4 yote, kwa hiyo kutoka F# kwenda C#, ambazo ziko freti moja nyuzi tofauti, alikuwa anakilaza kidole kifunike nyuzi zote mbili. Inafanya kazi, noti inatoka, lakini F# hainyamazi kwa sababu kidole bado kimeukandamiza uzi wa D, unapata noti mbili zinalia pamoja na hapo chini mbili pamoja ni tope tupu. Sikiliza wapiga besi wengi wa sherehe kwenye huu wimbo utalisikia hilo tope.

Dawa yake ni kugawa. Kidole kidogo kabisa kishike F# kwenye uzi wa D, cha pete kishike C# kwenye uzi wa A, vyote viwili freti ya 4, vinabanana kidogo lakini vinaenea. Cha shahada kinabaki freti ya 2 kwa E na B. Sasa ukitoka F# kwenda C# unachofanya ni kulegeza kidole kidogo, usikiinue, kilegeze tu kibaki kimegusa uzi, F# inakufa palepale na C# inaingia safi. Mwanzoni dogo aliona shida kwa sababu kidole kidogo hakijazoea kubeba kazi, nikamwambia tupige polepole sana, noti mbili tu, F# na C#, F# na C#, tusikilize ile ya kwanza inakufa saa ngapi. Tulifanya hilo tu mpaka nikaona mabega yameshuka.

Mkono wenyewe mdogo lakini, na hapa ni suala la vipimo. Besi ya kawaida uzi una urefu wa milimita 864 kutoka nati (mwisho wa shingo juu) mpaka daraja (nyuzi zinapofungwa chini), na kati ya freti ya 2 na ya 4 kuna kama milimita 84, ni nyingi kwa kiganja cha kijana. Kwa hiyo nikamwonyesha boksi lilelile sehemu nyingine: uzi wa A freti ya 9 ni F# ileile, uzi wa E freti ya 9 ni C#, uzi wa A freti ya 7 ni E, uzi wa E freti ya 7 ni B. Noti hazijabadilika hata kidogo, umbo ni lilelile, ila kutoka freti ya 7 mpaka ya 9 ni kama milimita 63 tu, vidole vinapumua. Na sauti inakuwa nene zaidi kwa sababu unapiga nyuzi nene katikati ya shingo. Mimi binafsi napenda huko juu kwa wimbo huu. Kuna watu wanasema freti za chini zina mlio unaokata vizuri kwenye ukumbi wenye kelele, sawa, lakini kwa mtu anayejifunza na mkono unaumia hakuna sababu ya kuung'ang'ania mbanano, mkono ukichoka mwendo unaharibika na hiyo ndo ilikuwa shida ya dogo kuanzia ubeti wa pili.

Mkono wa kulia. Hapa alikuwa anapiga na kidole kimoja zaidi, cha pili kinaingia kikijisikia. Laini hii ina zawadi ndani yake ambayo wengi hawaioni: noti ni nane, namba shufwa, kwa hiyo ukipokezana shahada na kati bila kukosa, kila baa inaanza na shahada, na shahada anapata noti zote zinazoangukia kwenye biti wakati cha kati kinapata zote za katikati ya biti. Hesabu mwenyewe, moja ni F#, mbili ni E, tatu ni E, nne ni B, hizo zote za shahada. Ukiona baa imeanza na kidole cha kati ujue umeteleza mahali. Wapo wanaopenda kuburuza kidole kilekile wakishuka kutoka uzi wa D kwenda wa A, na kwa nyimbo nyingine hata mimi naburuza, ila kwa hii nilimkataza kwa sasa, maana kuburuza kunafanya ile noti ya pili iwahi, na noti ya pili ikiwahi kila baa basi unamsukuma mpiga dramu bila wewe kujua. Ndo lalamiko lenyewe lile.

Na tukifika kwa dramu, lazima ujue dramu ya huu wimbo inafanya nini kabla hujashika besi. Kwenye rekodi ngoma alipiga Leon Chancler, yule wa Los Angeles ambaye wanamuziki wenzake walimwita Ndugu, jina la Kiswahili kabisa. Alichopiga ni kitu kimenyooka sana: kiki biti ya 1 na ya 3, sneya (ngoma ndogo ya mlio mkali) ya 2 na ya 4, haihati (yale matoazi mawili yanayogongana) nane kwa kila baa. Maana yake kila noti ya besi ina haihati yake, hakuna noti ya besi isiyo na mwenzake. F# inaanguka na kiki. E ya kwanza inaanguka na sneya. E ya pili inaanguka na kiki. B, noti ya chini kuliko zote, inaanguka na sneya ya mwisho. Nikamwambia dogo asahau kila kitu asikilize B tu, kama B na sneya vinatoka kama sauti moja basi uko sawa, kama unasikia viwili umeshakimbia au umechelewa.

Tukaweka metronomu, kile kitu cha kugonga mwendo, kwenye simu, lakini sio 117. Tukaiweka 58, halafu kila mlio tukauhesabu kama sneya, yaani biti ya 2 na ya 4 tu. Biti ya 1 na ya 3 hakuna mtu wa kukusaidia, ubebe mwenyewe. Jaribu uone. Dogo ambaye kwa metronomu ya kila biti alikuwa anaonekana yuko sawa kabisa, hapa baada ya baa chache alikuwa mbele ya mlio. Siku hiyo nilifurahi kwa kweli, kwa sababu sasa alikuwa analisikia tatizo mwenyewe, hasubiri mpiga dramu amwambie.

Kuna jambo lingine linatokana na alikotoka, na nalisema kwa heshima kwa sababu ndiko wengi wetu tulikotoka. Kwenye kwaya zetu na kwenye dansi besi ina uhuru mkubwa, inaacha mapengo, inajibu gitaa, sebene ikiingia mpiga besi anacheza anavyojisikia na watu wanampenda kwa hilo. Ukisikiliza besi za akina Mpudi Decca kule OK Jazz, bendi ya Franco ya Kongo, unaelewa kwa nini, besi inatembea kivyake na bado wimbo umesimama. Dogo kalelewa kwenye hiyo shule na ni shule kubwa. Lakini Billie Jean imejengwa kinyume. Kinanda kinaingia na kordi fupi mbili halafu kinaacha nafasi, gitaa liko mbali, sauti ya mwimbaji inaruka juu kwa vipande vipande, na kitu kimoja tu kinachotembea bila kusimama ni besi. Kila pambo dogo alilokuwa anaweka mwisho wa baa ya nne, na yalikuwa mapambo mazuri tu, lilikuwa linamtoa mwimbaji kwenye njia. Akaniuliza, "Kwa hiyo kaka nisiweke kitu chochote?" Usiweke chochote. Wimbo wote una dakika 4 na sekunde 54, na ukizikadiria noti za aina hii ni kama elfu moja hivi, zote ziwe sawa. Kwa mtu mwenye ujuzi hilo ni gumu kuliko kuweka mbwembwe.

Intro yenyewe inakuonyesha Jackson alikuwa anaipa hii laini uzito gani. Ngoma peke yake kwanza, halafu besi, halafu kinanda, na mwimbaji haji mpaka karibu nusu dakika. Inajulikana kwamba Quincy Jones, prodyuza wa albamu ya Thriller yenye huu wimbo, aliona intro ni ndefu mno akataka ikatwe, na Jackson akakataa, akasema hapo ndo anaposikia hamu ya kucheza. Sasa wewe mpiga besi kwenye harusi unapopewa nusu dakika hiyo, ukumbi wote unakusikia wewe na dramu, hakuna pa kujificha. Nilimwambia dogo aipige intro peke yake kama ni wimbo mzima, arudie intro mpaka haoni haja ya kuharakisha kufika kwenye kuimba.

Sehemu zinazobaki nitazipitia haraka maana hakuwa na shida kubwa huko. Ubeti ukienda kwenye B minor, wengi tunalihamisha boksi lilelile uzi mmoja juu, umbo halibadiliki: kama uko freti ya 7 na 9 kwenye nyuzi za E na A, unahamia nyuzi za A na D, freti zilezile, unapata B, F#, A, B, A, F#, E, F#. Hatari pale ni uzi wa E uliouacha nyuma, unaanza kutetemeka wenyewe kwa sababu ya spika, kwa hiyo dole gumba la kulia litoke kwenye pikapu (kile kinachonasa sauti ya nyuzi) lihamie lipumzike juu ya uzi wa E. Kile kipande kabla ya kiitikio kinaenda D na F# minor kwa kupokezana, kinaishia C#, na hapo besi inaacha boksi, kwa hiyo akili yake ilikuwa inapumzika na mwendo unalegea. Tulitumia metronomu ileile.

Sauti ya gitaa alikuwa anaiumizia kichwa sana, kazungusha vitufe vya amplifaya mpaka basi, anataka itoke kama rekodi. Aliyepiga ni Louis Johnson wa Brothers Johnson, mtu aliyesifika dunia nzima kwa kupiga besi kwa dole gumba, na hapa hakuna hata noti moja ya mtindo huo, nadhani hilo peke yake linafundisha. Inasimuliwa kwamba Jackson alimfanya apige laini hii kwa magitaa yake yote mpaka akachagua moja la Yamaha. Halafu kwenye rekodi besi ya gitaa imechanganywa na besi ya sintesaiza, kwa hiyo unachokisikia si gitaa tupu, na ukijitesa ulipate kwa gitaa peke yake hutalipata. Dogo tulimwekea toni katikati, besi ya amplifaya tukaishusha kidogo maana ukumbi wenyewe unaongeza, na treble tukaipunguza mpaka kelele ya vidole ikaisha. Dakika chache tu, tukarudi kwenye B na sneya.

Aliporudi kwenye bendi nilienda naye mazoezini, nikakaa pembeni. Mpiga dramu alihesabu, wakaingia wawili tu, na kiongozi wa bendi akawapa ishara wengine wasubiri, akawaacha dramu na besi wapige wenyewe baa baada ya baa. Mpiga dramu hakusema kitu, alikuwa kafumba macho anatikisa kichwa. Kinanda kilipoingia mkono wa kushoto wa dada anayekipiga ulikuwa umekaa mapajani. Ubeti wa pili ukapita, mwendo uko palepale. Kwenye kipande cha kabla ya kiitikio wakalegea kidogo, wote wawili kwa pamoja, na hilo dogo alilisikia mwenyewe kwa sababu walipomaliza alienda moja kwa moja kwa mpiga dramu akamwambia pale kwenye D turudie sisi wawili. Wakarudia. Kabla hatujaondoka kiongozi wa bendi akaniuliza kama dogo anaweza kushika na nyimbo nyingine za sehemu ile ya disko, nikamwambia mpeni rekodi leo, na mhakikishe ana hedifoni.